Maji ya Usangu: Historia ya Mjadala wa Mpunga, Mifugo na Mvua

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mto Ruaha Mkuu ulikuwa haujui kukauka. Kiangazi kilipopamba moto, Septemba na Oktoba, ulipungua ukabaki mkondo mwembamba katikati ya mchanga, lakini ulipita. Ulitoka bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaendelea hadi bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwisho ukajiunga na Rufiji kuelekea Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 1993 ulisimama ndani ya hifadhi. Viboko walijazana kwenye madimbwi yaliyosalia, samaki wakafa, na tembo wakachimba mchanga kutafuta maji chini yake. Mwaka uliofuata mto ukakauka tena. Kufikia mwisho wa muongo huo, ukavu ulioanza kwa wiki chache ulikuwa umepita miezi mitatu.

Hapo ndipo ulipoanza mjadala ambao haujaisha mpaka leo. Umepita bungeni na kwenye majukwaa ya kampeni, umefika meza za wafadhili, umeingia katika mikataba ya umeme na katika mipaka ya vijiji. Lawama zilianzia kwa ng'ombe, zikahamia kwenye mpunga, kisha zikapandishwa angani zikaitwa mabadiliko ya tabianchi. Na kila mara lawama zilipohama, kuna watu waliohamishwa nazo.

Usangu ni uwanda wa tambarare ulio kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ukizungukwa kusini na safu za Kipengere na Uporoto. Milimani mvua hufika milimita 1,600 kwa mwaka. Uwandani hainyeshi zaidi ya milimita 500 hadi 700, tena kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa mvua hiyo peke yake mpunga haustawi sawasawa. Mkulima wa Mbarali anaishi kwa mvua iliyonyesha mbali, kwa watu wengine, ikamfikia kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe.

Mito hiyo yote inaishia katika ardhioevu iitwayo Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama. Ng'iriama ni kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti yanapita kwenda hifadhini. Yakishuka chini yake, hata kwa upana wa kiganja, hakuna tone linalovuka, ingawa nyuma ya mwamba kinamasi bado kimejaa ndege na matete. Mfano wake ni mtungi: maji yanaweza kuwa mengi ndani, lakini yasipofika mdomoni hayamwagiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walikokotoa kwamba ili mto upite hifadhini kiangazi kizima kwa kiasi kidogo tu, kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde, Ihefu inapaswa kuingiza takriban mita 7 za ujazo kwa sekunde. Hicho kilikuwa karibu mara mbili ya kilichokuwa kikiingia. Maji mengine huchukuliwa na jua na mimea ya kinamasi. Asiyekijua kizingiti hiki ataona mto umekauka ghafla na atatafuta sababu ya ghafla, wakati maji yalikuwa yakipungua polepole kwa miaka mingi.

Wasangu waliishi hapa chini ya ukoo wa Merere, wakafukuzwa na Wahehe katika vita vya karne ya 19, wakarejea Utengule baada ya Wajerumani kumshinda Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mpunga wa kumwagilia ulikuja baadaye, ukianzishwa na wahamiaji wa Kibaluchi kabla ya uhuru. Katika miaka ya 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipima bonde zima la Rufiji, na Usangu ikaandikwa kuwa miongoni mwa sehemu zinazofaa kabisa kwa umwagiliaji. Serikali ya Tanzania huru iliichukua kauli hiyo kwa mikono miwili. Miaka ya 1970, kwa msaada wa China, lilijengwa shamba la taifa la Mbarali lenye hekta zaidi ya 3,000. Likafuata la Kapunga, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na baadaye skimu ya wakulima wadogo ya Madibira. Pembeni mwa mashamba hayo wakulima kutoka kila pembe ya nchi walichimba mifereji yao wenyewe. Mwanzoni mwa karne hii eneo la mpunga katika mwaka wa mvua nzuri lilikuwa limefika kiasi cha hekta 40,000, mara nne ya lilivyokuwa mwaka 1970.

Tofauti ya mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoelekeza maji kwenye mifereji, inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu mjadala wa siasa uliipita mbio. Banio la asili hujengwa kwa magogo, mawe, matope na majani. Linavuja. Kila mwaka mafuriko hulibomoa na wakulima hulijenga upya kwa nguvu zao, na wakati wote huo sehemu ya maji inapenya na kuendelea kwa jirani wa chini na kwa kinamasi. Banio la zege lenye lango la chuma halivuji. Kiangazi mto unapokuwa mdogo, banio la namna hiyo linaweza kuuchukua wote. Miradi ya kuboresha umwagiliaji, ukiwemo ule wa Benki ya Dunia ulioanza 1996, ilijenga mabanio ya zege kwa nia ya kuokoa maji. Kwa aliye mbele ya mfereji maji yalitulia. Kwa aliye chini ya banio yakatoweka. Juu ya hayo, mifereji mingi ilibaki wazi hata baada ya mavuno, ikipeleka maji ya kunywa, ya kufyatulia matofali, ya bustani za mboga na ya vitalu vya mapema. Mkulima anayewahi kusia mbegu Oktoba au Novemba huvuna wakati mchele umeadimika sokoni na bei iko juu, kwa hiyo hakuna anayekubali kufunga mfereji wake kwa hiari. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo miezi ambayo Ihefu inapumua kwa shida.

Wafugaji nao walikuwa wameingia uwandani kwa awamu. Wamasai na Wabarabaig walifika katikati ya karne iliyopita, Wasukuma wakaongezeka kuanzia miaka ya 1970, wakisukumwa na uhaba wa malisho kwao. Kiangazi waliteremsha ng'ombe Ihefu kufuata majani mabichi. Walionekana kwa macho, na hilo liliwaponza. Maji yanayopita chini ya lango la zege hayaonekani barabarani, lakini kundi la ng'ombe 500 linainua vumbi ambalo mkuu wa wilaya analiona akiwa ndani ya gari. Mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 1998 na 2002 ulihesabu ng'ombe kama 300,000 katika Usangu. Majukwaani zilitajwa idadi kubwa mara kadhaa zaidi.

Mjadala ulipata uzito wa kitaifa kwa sababu ya umeme. Mtera na Kidatu, zenye uwezo wa megawati 80 na 204, zilikuwa ndizo tegemeo kuu la umeme wa maji nchini. Mwaka 1992, na tena 1994, kina cha Mtera kilishuka na miji ikaingia katika mgao wa umeme. Viwanda vilisimama, saluni zikafungwa, na Dar es Salaam ikaanza kuuliza maswali juu ya mpunga wa Mbarali ambao siku zote iliula bila kuuliza. Mgao huo ndio uliofungua njia ya mkataba wa dharura wa umeme na kampuni ya IPTL mwaka 1995, mkataba ambao ulikuja kulitikisa bunge miaka karibu 20 baadaye katika sakata la akaunti ya Escrow.

Je, kweli Usangu ndiyo iliyoikausha Mtera? Wataalamu waliopima hawakukubali. Uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kwamba namna ya kuendesha mabwawa yenyewe, kufungulia maji ya Mtera mapema na kwa wingi huku Kidatu ikiwa na maji ya kutosha, ilichangia sana kuyamaliza. Maji yanayojaza Mtera ni ya masika, na masika mto una maji ya kumtosha kila mtu. Maji ya kiangazi yanayochukuliwa na mifereji ya Usangu ni machache mno kuijaza au kuikausha Mtera, ila yanatosha kabisa kuikausha hifadhi. Yalikuwa ni matatizo mawili yenye sababu mbili tofauti. Siasa iliyafunga katika kamba moja, na tangu hapo haikuwezekana kuyafungua kirahisi.

Machi 2001, jijini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya dunia kwamba Ruaha Mkuu utarudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi hiyo ilitolewa katika maandalizi ya mkutano wa kilele wa Johannesburg wa 2002. Ilikuwa ahadi nzito, na nia yake ilikuwa njema. Lakini ilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho huwatafutia watendaji kitu cha kuonyesha haraka.

Wakati huohuo kazi ya polepole zaidi ilikuwa ikifanyika vijijini. Mradi wa watafiti wa Sokoine na washirika wao wa Uingereza na wa taasisi ya kimataifa ya maji ulitengeneza ubao mkubwa wa mbao uliochongwa umbo la bonde, ukiinamishwa kidogo ili gololi zitelemke kutoka juu kama maji. Kila mkulima alikuwa na kijiti cha kuwekea banio lake. Wale wa juu waliweka vijiti wakadaka gololi, wale wa chini wakatazama mashimo yao yakibaki matupu. Kisha wakabadilishana nafasi. Wakulima waliokuwa wakigombana kwenye mfereji mwaka mzima walikaa kuuzunguka ubao huo wakahesabu gololi na kupanga zamu. Hakuna katika historia hii jambo lililokaribia zaidi majadiliano ya kweli kuliko ubao ule, na ni huzuni kwamba uamuzi mkubwa uliofuata haukupita mezani hapo.

Mvua za mwishoni mwa 2005 zilichelewa na kuwa haba. Rais Jakaya Kikwete aliapishwa Desemba mwaka huo na kukuta maghala yamepungua, mito imekauka na kina cha Mtera kikielekea chini ya mita 690, kiwango cha mwisho kinachoruhusu mitambo kuzalisha kwa usalama. Tangu miezi ya mwanzo ya utawala wake alisema wazi kwamba ufugaji wa kuhamahama hauna budi kuacha nafasi kwa ufugaji wa kisasa. Mwaka 2006 Makamu wa Rais, Ali Mohamed Shein, akatangaza mkakati wa dharura wa kuokoa ardhi na vyanzo vya maji. Usangu ilikuwa juu kabisa ya orodha.

Operesheni ilianza Mei 2006. Wafugaji waliamriwa kuondoka Ihefu na maeneo yanayoizunguka, faini zikatozwa kwa kila kichwa cha ng'ombe, na makundi yakatolewa kwa miguu na kwa malori kuelekea Chunya, Rufiji, Kilwa na Lindi. Ng'ombe wengi walikufa njiani kwa kiu na magonjwa. Familia zilizouza mifugo kwa bei ya kutupa ili zilipe faini zilifika Lindi zikiwa na watoto na sufuria. Mashirika ya wafugaji na ya haki za binadamu yaliandika malalamiko, wabunge wa majimbo ya wafugaji wakauliza bungeni, na mwaka 2007 Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya jaji. Wananchi hawakuwahi kuisoma ripoti yake. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu, lililotangazwa 1998, liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo kwa hatua hiyo ilifika kilomita za mraba 20,226 na kuwa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini wakati huo.

Ng'ombe waliondoka na mto ukaendelea kukauka kila kiangazi. Kama ng'ombe ndio waliokuwa wameukausha, miaka ile ingepaswa kuonyesha nafuu. Mwaka 2010 ulifika ukapita. Kusini, Kilwa na Rufiji zilipokea wafugaji ambao hazikuwa zimejiandaa kuwapokea, na migogoro ya wakulima na wafugaji ikaanza kuripotiwa kutoka wilaya ambazo kabla ya hapo hazikuijua.

Umeme wa dharura uliotafutwa katika ukame uleule wa 2006 nao ulizaa mkataba wa Richmond. Kampuni ilishindwa kuleta mitambo kwa wakati, kamati teule ya bunge ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ni mara chache mvua kuchelewa kwenye safu ya Uporoto kumefika mbali kiasi hicho.

Hadi wakati huo viongozi walizungumza zaidi juu ya ukame na uharibifu wa mazingira. Maneno "mabadiliko ya tabianchi" yalikuwa ya ripoti za wataalamu. Januari 2007 serikali ilitoa mpango wake wa kitaifa wa hatua za kuhimili mabadiliko hayo, na humo, kwa kutumia makadirio yaliyotangulia, ilionya kwamba joto likipanda mavuno ya mahindi yanaweza kushuka kwa wastani wa asilimia 33 nchi nzima, na hadi asilimia 84 katika ukanda wa kati wa Dodoma na Tabora. Takwimu hizo zilinukuliwa sana. Sehemu nyingine ya makadirio yaleyale haikunukuliwa: kwamba maji ya mito ya Pangani na Ruvu yatapungua, ila yale ya Rufiji yanaweza kuongezeka kwa asilimia 5 hadi 11. Ruaha Mkuu uko ndani ya bonde la Rufiji. Kwa maneno mengine, waraka wa serikali yenyewe haukusema kwamba Usangu itakaushwa na tabianchi.

Tafiti za baadaye zilikuwa na tahadhari zaidi. Utafiti mkubwa wa bonde la Rufiji, ukiwashirikisha wataalamu wa Afrika na Ulaya, uliona kwamba programu za kompyuta za kutabiri tabianchi hazikubaliani kama mvua ya bonde itaongezeka au itapungua. Zinakubaliana kwamba joto litapanda. Joto likipanda, mpunga unahitaji maji zaidi na kinamasi kinapoteza zaidi kwa jua. Zipo pia dalili kwamba kusini mwa Afrika mvua za mwanzo wa msimu zitachelewa, na kwa Usangu hilo ni zito kuliko wastani wa mvua ya mwaka. Mto hukauka mwishoni mwa kiangazi. Mvua zikichelewa wiki tatu Novemba, wiki hizo tatu zinaongezwa juu ya kiangazi ambacho maji yake yamekwisha kumalizwa na mifereji. Hapo tabianchi na mfereji vinakutana, na anayetaja kimoja peke yake anasema nusu ya jambo.

Katika siasa nusu hizo ziligawanywa kwa faida. Nje ya nchi Tanzania ilisimama miongoni mwa nchi zinazoumizwa na hewa chafu ya wengine, na ilikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mchango wake katika joto la dunia ni mdogo sana. Kikwete aliongoza kamati ya wakuu wa nchi za Afrika kuhusu mabadiliko ya tabianchi kuanzia 2013 hadi mwanzoni mwa 2015, akidai fedha za kuwasaidia wakulima. Ndani ya nchi, kwa wakulima walewale, lugha ilibadilika: walikuwa waharibifu wa vyanzo vya maji. Sheria ya mazingira ya 2004 ilikataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na katika milima ya Njombe na Iringa hilo liligusa vinyungu, bustani za mabondeni ambazo familia zimezitegemea kiangazi kwa vizazi. Mkulima wa kinyungu aliambiwa kwenye redio kwamba yeye ni mwathirika wa tabianchi, na kwenye mkutano wa kijiji kwamba yeye ni chanzo cha ukame.

Wakati huohuo serikali ilitaka mpunga zaidi. Kauli mbiu ya Kilimo Kwanza ilizinduliwa 2009, ikafuatwa mwaka 2010 na mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, ambao uliiweka Mbarali kati ya maeneo yake ya kwanza. Mashamba ya taifa ya Mbarali na Kapunga yalikuwa yameshabinafsishwa. Hati ya Kapunga ilijumuisha ardhi ya kijiji cha jina hilohilo, na wanakijiji walidai ardhi yao kwa takriban muongo mzima. Wakulima wengine walijifunza kilimo shadidi cha mpunga, yaani kupanda mche mmoja mchanga kwa nafasi na kumwagilia kwa vipindi badala ya kulifurisha jaruba wakati wote. Njia hiyo inaokoa maji mengi na kuongeza mavuno. Kikwazo chake ni kwamba maji yanayookolewa na mkulima mmoja hayaendi Ihefu yenyewe. Jirani anayasubiri ili apanue shamba lake, na bila makubaliano ya banio zima akiba hiyo huishia katika jaruba jipya.

Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, maji ya mabwawa yalishuka kiasi cha Shirika la Umeme kuzima mitambo ya maji. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliunda kikosi kazi cha kuinusuru ikolojia ya Ruaha Mkuu. Septemba mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, wa kuendeleza utalii wa hifadhi za kusini na kusimamia maji ya Usangu.

Kiangazi cha 2022 kilikuwa kikali. Mto ulikauka hifadhini kwa zaidi ya siku 100, Dar es Salaam ikakosa maji kwa sababu ya kupungua kwa Ruvu, na waandishi wa habari waliotembelea Ruaha walirudi na picha za viboko waliokwama kwenye tope. Desemba mwaka huo, akiwa Iringa, Makamu wa Rais Philip Mpango aliagiza hatua zichukuliwe dhidi ya waliochepusha maji bila kufuata sheria, wakiwemo wawekezaji wakubwa. Lilikuwa jambo jipya: kwa miaka mingi maagizo ya namna hiyo yaliwalenga wadogo. Lakini mwaka huohuo wa fedha, bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipandishwa kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954, na ile ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji kutoka bilioni 46.5 hadi bilioni 361.5. Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, aliueleza umwagiliaji kuwa ndiyo kinga ya mkulima dhidi ya mvua zisizotabirika. Kwa nchi ambayo wakulima wengi hutegemea mvua pekee, hoja hiyo ni ya msingi. Katika bonde ambalo mito yote ya kiangazi imekwisha kugawanywa, haiwezi kutimizwa bila kujenga mabwawa ya kutunza maji ya masika milimani, na mabwawa hayo yametajwa kwenye mipango mara nyingi kuliko yalivyojengwa.

Zamu ya kuhama sasa ilikuwa ya wakulima. Oktoba 2022 serikali ilitangaza kwamba baadhi ya vijiji na vitongoji vya Mbarali viko ndani ya mipaka ya hifadhi na wakazi wake wataondolewa. Mwaka mmoja baadaye Tangazo la Serikali Na. 754 liliweka mpaka mpya. Watu walikuwa na shule, zahanati na vyeti vya usajili wa vijiji vilivyotolewa na serikali hiyohiyo. Septemba 2023 ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Mbarali, na suala la ardhi lilitawala mikutano ya vyama vyote. Malalamiko ya wananchi yalifika Benki ya Dunia. Aprili 2024 Benki ilisimamisha utoaji wa fedha za REGROW, na Novemba mwaka huo mradi ukafungwa.

Mkono mwingine wa mjadala ulikuwa umehamia chini zaidi ya mto. Tarehe 22 Desemba 2022, siku chache baada ya maagizo ya Iringa, maji yalianza kujazwa katika bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Ruaha Mkuu huchangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji; Kilombero huchangia zaidi ya nusu. Hata hivyo majukwaani Usangu ilitajwa tena kuwa tishio kwa umeme wa taifa, kama ilivyotajwa wakati wa Mtera.

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 hazikuwa haba. Zilikuja nyingi mno. Kufikia Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kwa mafuriko na athari zake. Wilayani Rufiji na Kibiti maji yalifunika mashamba ya mpunga na mahindi kwa wiki kadhaa na kuzilazimisha familia kuhamia kwenye miinuko. Serikali ilisema bwawa jipya limeyazuia mafuriko yasiwe makubwa zaidi. Wananchi waliuliza kwa nini milango ilifunguliwa wakati mazao yakiwa shambani.

Warufiji wana kilimo chao cha kufuata mafuriko. Mto unaporudi ndani ya kingo na kuacha tope lenye rutuba, hupanda mahindi ya mlao kwa unyevu uliobaki, bila kungoja mvua. Zamani waliusoma wakati wa kupanda kwa mto wenyewe, kwa rangi ya maji na kasi ya kushuka kwake. Sasa wakati huo unaamuliwa pia na milango ya bwawa, na tangu mafuriko ya 2024 madai yao kwa serikali ni mawili: fidia ya mazao yaliyozama, na taarifa mapema kabla milango haijafunguliwa.